Hoteli Tuliyomuchagulia Papa

Papa alichoma watu sindano mu hospitali mpaka macho yake yalipokataa kuona vitu vya karibu. Alipoacha kazi, sisi watoto wake watatu tulikutana kwangu Bagira kumuchagulia mahali pa kupumuzika. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wanaume walivaa abakosi, ile suti isiyo na tai, na kaka yetu mukubwa alikuwa amepanda cheo mu biro mpaka akapewa dereva.

Papa alipenda watu na alipenda tenisi, na kwake ilikuwa kitu kimoja. Tenisi alifundishwa na mapadri. Akicheza, anamuuliza mutu wa ngambo ya wavu habari ya mama yake, wanacheka, halafu mupira unapita pembeni na ule mutu hajauona. Hamu yake ilikuwa moja tu: acheze hata mara moja na kijana wake, kaka yetu, upande mumoja, watu wakiwaangalia. Kijana wake hakupataga nafasi.

Mimi nilisema twende Katana. Mapadri walikuwa na nyumba ya wageni kule, na uwanja wa simenti, ndiyo, ulikuwa umepasuka, lakini jioni walimu na wauguzi walikuwa wanajaa pale. Papa angecheza nao mpaka wachoke wao.

Kaka alinicheka. "Nimulaze papa kwa mapadri kama mutu wa kufanya retreti ya kusali? Watu watasema nini juu yangu?"

"Na tena kule hakuna pisini ya kuogelea," mudogo wetu akasema. Yeye aliwaza watoto wake.

Kaka alikuwa amekwisha kuchagua. Ilikuwa ile hoteli kubwa ya kando ya ziwa, yenye kapeti mu vyumba, magarson wa kuleta chakula wenye ganti nyeupe mu mikono, na uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu.

"Na papa atacheza na nani kule?" nikamuuliza.

"Na mimi."

Hapo nilikubali, juu ndiyo kitu papa alichotaka. Papa mwenyewe hatukumuuliza. Kwetu muzazi akifanyiwa mema, anapokea tu. Na kaka hakutuambia kwamba direkta wake wa kazi alikuwa anaendaga mu ile hoteli kila wikendi.

Tulifika jioni. Papa alisalimia mulinzi, akasalimia mupishi, akamuuliza garson kama amekwisha kuoa. Kaka alitangulia mbele na funguo, haraka, kama mutu mwenye kuja peke yake.

Asubuhi papa alivaa kaptula yake nyeupe, na viatu alivyopaka chokaa. Kwa mapadri desturi ilikuwa hivi: mwenye kufika wa kwanza anafagia uwanja na kuunyunyizia maji. Ndiyo heshima kwa mwenzako. Basi papa akatafuta fagio, akaanza kufagia. Mimi na mudogo wangu tulikaa kwenye viti kumuangalia.

Direkta akafika na rafiki zake wawili.

"Citoyen," akamuambia papa, kama watu wote walivyoitana wakati ule, "ukimaliza usiende. Utatuokotea mipira."

Papa akafikiri ni muchezo wa mudomo, kama ule wa wenzake. "Nitaokota ile mutashindwa kupiga," akajibu. "Basi leo nitakufa na kazi!"

Walicheka sana. "Muzee iko na kinywa!"

Ndipo kaka akatokea na raketi yake. Papa akamuinulia mukono.

"Munajuana?" direkta akauliza.

Kaka aliangalia papa, akaangalia fagio. "Iko mutu wa kwetu, patron," akamujibu bosi wake. "Wa kule kijijini."

Papa aliweka fagio chini. Halafu akaokota mipira. Alikimbia na yale magoti yake ya uzee, na wao wakipiga kelele, "Vite, muzee, vite! Mbio!" Mupira ulipoingia mu maua, kaka aliunyooshea raketi. "Kule," akamuambia. Basi, neno moja tu.

Nikasimama. "Huyu ni papa yake! Ndiye aliyemuzaa!"

Muchezo ukasimama. Direkta akamugeukia kaka. Kabla kaka afungue kinywa, papa alisema, pumzi ikimukatika: "Usimusikilize, patron. Kwetu kila muzee anaitwa papa."

Direkta akacheka, wakaendelea. Kaka hakuona haya. Niliangalia uso wake: aliona nafuu. Walipomaliza, direkta alimupa papa soda yake iliyobaki nusu, na papa akaipokea kwa mikono miwili.

Mu motokari wakati wa kurudi, papa aliongea na dereva peke yake, njia nzima, habari za watoto wa dereva.

Siku chache baadaye kaka alikuja Bagira na nyama na kreti ya bia. Kiwanja cha nyumba ya papa, karibu na yangu, kilijaa majirani, kama kila mara. Papa akasimama mbele yao.

"Karibu, patron. Mumupe patron kiti!"

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka.

"Papa, acha basi."

"Ndiyo, patron."

Hakuacha. Alimuita hivyo mbele ya wajukuu, mbele ya padri, mbele ya bibi-arusi siku ya ndoa ya kijana wa kaka. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomumaliza kaka. Papa alipolala ugonjwa wa mwisho, kaka alipiga magoti pembeni ya kitanda, akamushika mukono.

"Papa, niite jina yangu. Mara moja tu."

Papa alimuangalia na ile sura yake nzuri ya kupokea wageni.

"Aksanti kwa kufika, patron," akasema. "Habari ya nyumbani?"