Koleo la Babu

Jumanne, saa nane na robo mchana, darasa la ufundi lilinuka risasi iliyoyeyuka, na harufu ile ikanirudisha kimawazo jikoni kwa babu, mtaani Downsview, huku ughaibuni.

Nilikuwa na miaka sita hivi. Babu alikuwa akilehemu transista ya redio yake, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa zamani, na vipuri vyake havikupatikana tena.

Akanipa koleo. "Bana mguu wake huu wa waya, bibie, koleo linywe moto. Ukiachia tu, transista inaungua."

Pua ikaniwasha, nikaachia. Hakuniona. Redio haikulia tena.

"Mikono imezeeka," akasema, akafungia vifaa vyake kabatini. Hajavigusa mpaka leo.

Jumatano asubuhi nilipita kwake kabla ya shule, nikamwambia kwa Kiswahili, si Kiingereza changu cha siku zote: "Babu, koleo niliachia mimi." Kisha nikafungua kabati, nikamtolea vifaa vyake.