Volti Saba Chumbani kwa Mama Mkwe

Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kasulu, na pikipiki hazikupita. Mama mkwe alikuwa amebanwa na pumu, na hospitali hatukuweza kufika. Mashine yake ya kupulizia dawa ilihitaji volti kumi na mbili na ampea nne, yaani wati arobaini na nane. Betri ya sola ilikuwa nyumbani kwangu, hatua arobaini kutoka kwake.

Kwetu Kagerankanda mwenye betri humvutia jirani waya. Betri yenyewe haihami. Nikavuta waya mwembamba, ule wa taa, hadi dirishani kwake. Kabla ya kuunganisha mashine nilipima ncha kwa mita: volti kumi na mbili nukta nne. Nikaridhika. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu: waya usiopitisha umeme haupotezi volti.

Mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Nikampa mke wangu ile mita, nikarudi kwenye betri. Akawasha.

"Inaguna tu, Baba! Haizunguki!"

"Mita inasemaje?"

"Saba nukta nne!"

Kwangu kidhibiti cha betri kilionyesha volti kumi na mbili nukta nne na ampea mbili na nusu. Niliandika kwa mkaa ukutani. Volti tano zilikuwa zimepotelea njiani. Tano gawanya kwa mbili na nusu: waya ulikuwa na ukinzani wa ohmu mbili. Tano mara mbili na nusu: wati kumi na mbili na nusu zilikuwa zikipasha moto waya. Kwa mgonjwa zilifika kumi na nane na nusu.

Nilirudia hesabu mara tatu. Jibu halikubadilika.

"Fundi wa vitabu!" Mama mdogo wa mke wangu aliita kutoka mlangoni kwa mgonjwa. "Unaandika ukutani, dada yangu anakata pumzi! Ongeza umeme!"

"Umeme upo, mama. Waya ndio unaula."

"Basi unyang'anye!"

Waya mnene sikuwa nao, na wa pili wa kuunganisha sambamba pia sikuwa nao. Kilichobaki ni kuufupisha, na kuufupisha maana yake ni betri kwenda chumbani. Mke wangu alikuwa amemshikilia mama yake akae wima. Mama mdogo hakuweza kuinua betri ile. Niliifungua, nikaibeba kifuani kwenye tope, nikaingia.

Midomo ya mama mkwe ilikuwa imegeuka rangi. Niliunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mashine ikanguruma, mvuke ukatoka. Na yeye, aliponiona, alijifunika uso kwa kitenge, akausukuma mkono wa binti yake uliokuwa na barakoa ya kuvutia dawa.

"Mama, vuta!"

Alitikisa kichwa ndani ya kitenge. Kifua chake kilikuwa kinapanda kwa vishindo vifupi, na dawa ilikuwa inaishia hewani.

"Toka," mke wangu aliniambia. "Toka haraka, nakuomba."

Nilitoka, nikasimama nyuma ya ukuta nikiwa nimelipa dirisha mgongo. Mita ilibaki ndani. Nilisikiliza mngurumo tu, nikijaribu kukisia volti kwa sauti, na sikuweza.

Niliuliza mara mbili kama anavuta. Niliposikia kikohozi kirefu chenye makohozi, ndipo mke wangu aliposema, si kwa sauti kubwa, "Ameishika barakoa mwenyewe."

Sikuthubutu kugeuka.