Za Kudumu au za Kunyamaza

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, na mwalimu aliyenifukuza, watoto wake leo wananunua mukene kwangu, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu pale Wanyange, ufukweni karibu na Jinja, mgongo ukinuka samaki hata siku ya Idi. Leo magunia ni yangu, wabebaji ni wangu, na ile nyumba yenye geti jeusi la chuma upande wa ziwa, ukipita utauliza ni ya nani. Ni yangu. Geti halina kengele. Askari wangu wa getini hakuihitaji: gari likikata kona ya msikiti breki zinapiga yowe, naye anafungua. Nilikuwa naingia bila kusimama, kama mkuu wa wilaya.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi zamani, na Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi, ndiyo maana kwetu Malukhu, kule Mbale, tulikua na Kiswahili mdomoni, na watoto wa jirani wakatuogopa kwa Kiswahili hichohicho. Alipougua nilimleta Jinja kwa madaktari, na akafia Jinja. Wakamwosha na kumvika sanda hukohuko. Sikutaka gari la kukodi. Nilisema, baba yangu atarudi Mbale katika gari la mwanawe. Tukakunja viti vya nyuma, tukamlaza, mama akajibana pembeni yake, dada yangu mkubwa akakaa mbele nami. Wanawake wa mtaa waliokuja kutuaga wakaanza kulia, na mama naye akaanza. Nikasimama mlangoni mwa gari nikasema, "Hakuna kulia. Dini imekataza." Wote wakanyamaza. Nikisema neno watu hunyamaza, hilo Mungu amenipa.

Basi safari nzima hakuna aliyetoa sauti ila breki. Kila tuta la barabarani, Iganga, Namutumba, mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Tirinyi, nikigusa pedali tu, iiiiii! Watu waliokuwa ndani ya mpunga waliinua vichwa. Mimi naangalia barabara. Nasema ukweli: baba yuko nyuma yangu ndani ya sanda, na mimi nafikiria kama pedi zimekwisha au diski zimeingia mistari. Kitu kingine hakikuja kichwani. Tukazika kabla ya alasiri. Nilinawa udongo mikononi, nikakaa, nikala wali. Watu wakasema, huyu ana moyo wa kiume. Labda.

Mama akaingia eda hukohuko Malukhu. Mjane kwetu hukaa ndani, hatoki kwenda kokote mpaka muda wake uishe. Nami nikautumia muda ule. Nilimtengenezea chumba nyumbani kwangu, dirisha linaangalia ziwa, choo kikiwa humohumo ili asitembee, zulia mpaka ukutani. Hakuna mama katika Malukhu yote mwenye chumba kama kile. Eda ilipokaribia kwisha nikaenda kumwambia.

"Mama, ukitoka eda nitakuja kukuchukua. Utaishi kwangu."

Aliangalia viganja vyake. "Gari lako lina kelele, baba. Kichwa changu hakiwezi."

Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa naye, akacheka kutoka jikoni. "Mwambie! Tajiri akija huku, kuku wa mtaa mzima wanajua kabla yetu."

"Ni kelele tu, mama?"

"Kelele tu."

Nikashukuru moyoni. Kelele ni kazi ya spana. Angesema kitu kingine nisingejua pa kuanzia.

Fundi wangu wa Jinja ni Mnubi, mjukuu wa askari, na kila mtu kwake ni afande. Alitoa magurudumu ya mbele akachungulia.

"Afande, gari yako haina ugonjwa. Ina mdomo tu."

Akasugua pedi kwa msasa, akapaka grisi kidogo mgongoni mwake, akafunga. Likanyamaza. Nilifika Bugembe nikifurahi, pale stendi ya boda boda nikakanyaga breki, iiiiii! Vijana wa boda boda wakanipigia makofi. Nikageuza.

"Sasa naona," fundi alisema, akiigonga pedi kwa msumari. Ililia kama sufuria. "Ugonjwa ni wewe, afande. Nani alinunua hizi?"

"Mimi."

"Umenunua jiwe."

Nilikuwa nimenunua zile ngumu kupita zote dukani, zenye chembe za chuma zinazong'aa, wanazofunga kwenye magari ya mizigo. Mimi kila kitu hununua kigumu. Kitanda changu ni cha mti mgumu, geti langu watu sita hawalinyanyui. Muuzaji aliniambia pedi hizi haziliki, nami nikamwambia basi tunafanana.

"Na vile vibati vyembamba vya nyuma ya pedi viko wapi?" fundi akauliza.

"Ulivitupa wewe. Ulisema havina kazi."

"Mimi?" Akakuna kichwa. "Basi wagonjwa ni wawili."

Akanieleza, na hapo nilisikiliza. Pedi ikishika diski hutetemeka, na kile kibati huwa kama mkeka, kinaimeza ile mitetemo. Ukikitoa, chuma kinapiga chuma. Na pedi yenye chuma kingi ndani yake inalia hata ukiipaka siagi.

Tukaenda pamoja katikati ya mji, kwenye yale maduka ya zamani yenye nguzo mbele. Muuza spea ni mwanamke wa Kiislamu, mtandio wa kijani, mdomo hauna breki kabisa. Alinitazama kofia na viatu.

"Hajji, unataka za kudumu au za kunyamaza?"

"Zote mbili."

"Zote mbili hata mume hapatikani hivyo. Sema moja."

Fundi akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi maishani sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikasema, za kunyamaza.

Alileta boksi tatu. Moja fundi aliikataa bila kuifungua, maandishi yake yalikuwa yamevimba kama yamelowa, ndizo zile za bandia. Ya pili ilikuwa na chembe za chuma kama zangu. Ya tatu pedi zake zilikuwa laini, rangi ya majivu, hazing'ai, kingo zimekatwa mshazari ili zisiingie kwenye diski kwa ncha, katikati mfereji mmoja, na vibati vyake viko mgongoni tayari, vimepakwa kitu kama mpira. Nilipitisha kucha, haikulia.

"Hizi zitakwisha mapema," mwanamke akasema. "Usije hapa kunililia."

"Silii," nikamwambia.

Diski tukazipeleka kuchongwa zikawa bapa, maana pedi mpya kwenye diski yenye mistari ni kazi bure. Halafu fundi akanitoa barabara ya Kamuli asubuhi, haina magari mengi, akaniambia niende mbio kiasi, nikanyage taratibu bila kusimama kabisa, niachie zipoe, nirudie. Ndivyo pedi na diski zinavyozoeana. "Kama bibi harusi, afande. Usimkaripie siku ya kwanza." Tuliporudi mjini gari lilikuwa linasimama kama mtu anayekaa kwenye mto.

Siku mama alipotoka eda nikaenda Malukhu. Nilisimamisha gari mbele ya mlango na hakuna aliyetoka. Kuku waliendelea kula. Mama alikuwa barazani anachambua karanga, na nilikuwa nimeshasimama mbele yake ndipo akainua uso.

"Umekuja na nini?"

"Na gari. Panda uone."

Alipanda, hana mfuko, hana hata shuka. Nilimzungusha mpaka mnara wa saa katikati ya mji, na kwa makusudi nikawa nakanyaga breki kila penye kona. Hakuna sauti. Nilimwambia habari ya msasa, ya vibati, ya mwanamke wa dukani. Alicheka kidogo kwenye ile ya mume.

"Kimya kabisa," akasema. "Umefanya kazi."

"Basi twende tukachukue mizigo yako."

"Nirudishe nyumbani, baba."

Nikamrudisha. Nilipozima injini hakushuka. Alisema, "Nilisema gari kwa sababu nilikuonea haya. Umejenga chumba. Nimwambie nini mtu aliyejenga chumba?"

"Chumba kina nini?"

"Hakina kitu. Siku ile ulituambia tusilie, tukanyamaza. Kilichokatazwa ni mayowe, mwanangu. Machozi hayakukatazwa. Njia nzima kilicholia ni gari lako, nami nikawa nashukuru kila tuta." Alinishika mkono. Nilimwona anaushika, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine uliowekwa pale. "Kwako hakuna mtu analia. Huku dada yako akimkumbuka baba yenu analia, nami nalia, halafu tunapika. Niache hapa."

Nikasema sawa. Dada yangu aliniletea karanga kwenye karatasi, na safari hii hakunitania.

Nilirudi njia ileile. Matuta yote yalipita bila neno. Pedi zile ni nzuri, nawaambia wafanyabiashara wote wa Jinja wanunue, mpaka leo hazijalia. Nilikata kona ya msikiti, nikafika mbele ya geti langu, likawa limefungwa. Askari hakusikia. Honi iko pale chini ya kiganja changu. Sikuipiga. Nilikaa nikila karanga za mama moja moja, naangalia chuma kile cheusi, nikingoja mtu atoke kwa haja zake aone nimefika.