Niliitumia Ndiyo ya Baba

Jamani, kosa ni langu, tena nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Ningekuwa mjinga ningejitetea. Mimi ni msomi!

Miaka ya tisini nilirudi Ifakara na shahada ya udaktari kutoka Ulaya. Majirani pale Mlabani wakamiminika kuomba dawa ya malaria. Nikawaeleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabuni, nachunguza ubongo wa binadamu unavyopokea maneno na kuyaelewa. "Kumbe hata sindano hujui kuchoma!" akasema mama mmoja, akaenda zake.

Nilikuwa nimepewa nafasi ya kuendelea na utafiti baada ya shahada, na kwa bahati (bahati gani, Mungu nisamehe!) baba yangu mzazi alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, maneno yamepotea. Yalibaki "marahaba", "ndiyo", na Salamu Maria, ambayo aliisali yote bila kukwama. Watu waliona mgonjwa, mimi nikaona almasi. Kila asubuhi namvisha hedifoni, nawasha tepu rekoda.

Tatizo likawa mpunga. Kwetu msimu ukifika watu wanahamia shambani. Wanavuka kwa pantoni pale Kivukoni na masufuria na kuku wao, wanakaa kwenye dungu kulinda ndege mpaka mavuno. Baba hakuwahi kukosa hata msimu mmoja. Mama alikuwa ameshafunga mizigo, ya baba ikiwemo.

Na tepu zangu je? Nikaitisha kikao cha familia, nikavaa na shati la mikono mirefu kabisa.

"Baba, si unakubali kubaki mjini na mimi?"

"Ndiyo."

"Mmesikia wenyewe!"

Mama akaniangalia. "Mwanangu, mbona mkono wake mzima umeng'ang'ania mzigo?"

"Hayo ni mambo ya mishipa tu, mama."

Ati mishipa! Mama akaondoka bila mumewe, analia njia nzima.

Nami nilijua. Ifakara nzima hakuna aliyejua kuliko mimi kwamba "ndiyo" ile ya baba ilikuwa inajitokea yenyewe. Ningemuuliza kama yeye ni mamba, angesema ndiyo.

Msimu ukiwa ukingoni nikaalikwa kutoa mhadhara hapo hapo mjini. Kwa kujidai nikamwita na mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, aje aone kaka yake anavyoongea. Nikawachezea kanda ya baba, nikasema kwa madaha, "Msidanganyike, ndugu zangu. Ndiyo ya mgonjwa huyu siyo kukubali. Nimemjaribu mara nyingi, nimethibitisha."

Dada akasimama. "Samahani, kaka. Ulithibitisha kabla ya kile kikao, au baada?"

"Kabla," nikasema.

Hakunitukana, na bora angenitukana! Alichukua mkoba wake akatoka. Kesho yake asubuhi akakodi gari, akampeleka baba shambani. Mimi nikafuata nyuma kama mwizi.

Tulikuta mpunga umeshavunwa, ng'ombe wa Wasukuma wanakula mabua, mama anafunga magunia ya mwisho. Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akaangua kilio. Kilio kile ndugu zangu hakikupungukiwa kitu, kila mtu alikielewa.

Msimu uliofuata hakuufikia. Mama tangu hapo ananiita "Daktari", na shikamoo yangu anaipokea kama ya mgeni aliyepotea njia.

Nyie mnaouguza wazee wasioweza kusema, nawasihi sana! Ukiona jibu la mgonjwa wako limekufurahisha mno, muulize na kinyume chake, hapo hapo, mbele ya watu. Mimi nilijipa moyo kwamba kazi yangu itasomwa dunia nzima. Kweli ikachapishwa. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeisoma.