Nchi Niliyoichora kwa Chaki

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyoumba nchi. Usicheke. Niliiumba asubuhi, kwa chaki, kwenye sakafu ya darasa la saba huko Kibugu, na kufikia saa nne ilikuwa na mikoa, wilaya na serikali kamili.

Nilikuwa mwalimu mpya, msichana wa Meru aliyetumwa Embu, miaka michache baada ya Uhuru. Nilijiona najua kila kitu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, ndivyo wasemavyo. Hawakuambii kwamba ukiwapo, moshi huo huo unakuziba macho.

Somo lilikuwa migawanyo ya utawala: mkoa, wilaya, tarafa, lokesheni. Watoto walikuwa wanasinzia. Basi nikasogeza madawati ukutani, nikachora nchi ya kubuni, na wao wenyewe wakaiita Majani, kwa sababu ya chai iliyotuzunguka kila upande. Nikawagawa kufuata wanakotoka. Wa juu karibu na msitu wakawa Mkoa wa Mlima, wa kando ya barabara wakawa Mkoa wa Soko, wa bondeni Mkoa wa Mto. Kila mmoja akapata cheo, huyu mkuu wa mkoa, yule chifu. Usingizi uliwaisha, nakuambia!

Akabaki Igoki. Wazazi wake walitoka Mbeere, kule chini kwenye jua kali, wakaja kuchuma chai katika mashamba ya watu na kupanga chumba kimoja. Hakuwa wa mlimani wala wa bondeni. Nikamchorea kipande pembeni, karibu na mlango, nikasema, "Na wewe Igoki utatawala Mkoa wa Ukame. Huko maji hakuna, kuna mbuzi tu." Darasa likaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Igoki alitabasamu kidogo, akaenda kusimama katika mkoa wake peke yake.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mchezo ulitoka darasani ukaenda uwanjani. Shule ilikuwa na mfereji mmoja tu wa maji ya bomba, upande wa juu, na siku ya pili ukawa mali ya Mkoa wa Mlima. Mwenye kiu aliomba ruhusa kwa chifu. Wa Soko na wa Mto walielewana nao, Igoki akaambiwa, "Ukame hakuna maji. Mwalimu alisema." Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai, nikafurahi kwamba somo limewaingia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumatatu Igoki hakuja shuleni. Jumanne hakuja, wala Jumatano. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebaki wiki chache, na hakuna aliyemshinda kwa hesabu. Nikajiambia kwamba watoto wa vibarua ndivyo walivyo, nikaendelea kufundisha.

Alhamisi, nikitoka shuleni, nilipita kwenye shamba la ndugu wawili waliokuwa wakigawana urithi. Mzee Nyaga alikuwa hapo, maana yeye ndiye aliyeitwa kila mahali watu walipopanda mpaka wa matoka, ile mimea ya maua ambayo hata ukiikata huchipuka tena. Ndugu wale walikuwa wakipanda pamoja, shina kwa shina, kila mmoja na jembe lake. Ndiyo desturi. Mpaka uliopandwa na mtu mmoja hauheshimiwi na yeyote.

"Mwalimu, kuja unishikie hii kamba," akaniita. Wazee wengine wakanitazama kwa mshangao, mwanamke kwenye kazi ya mpaka! Lakini nikaishika. Tulipokaribia kijito, mzee akaruka hatua tatu bila kupanda kitu.

"Mzee, hapa mmesahau," nikasema. Mwalimu ni mwalimu, lazima asahihishe.

"Hatujasahau. Hapa watu watapita wakienda kuchota maji. Hata hawa ndugu wakikosana, maji haikosani na mtu." Akaanza kukunja kamba polepole. "Nasikia wewe pia uko na nchi huko shule. Mjukuu wangu ameniambia yeye ni chifu ya mfereji. Hiyo mipaka yako ulipanda na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Na njia ya maji uliacha wapi?"

Mzee akatupa kamba begani, akawarudia wale ndugu. Angenigombeza, labda ningejitetea.

Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Igoki. Nikamkuta katikati ya chai, kikapu mgongoni kikubwa kuliko yeye. Mama yake akaniambia kwa upole ulionichoma, "Mwalimu, amekataa kurudi. Anasema huko si kwao."

Igoki hakunitazama. Aliuliza tu, "Mwalimu, mkoa wangu umepata maji?"

Nililia, mwanangu, mbele ya mtoto na mama yake. Nikasema, "Nilikukosea, Igoki. Njoo tuichore upya pamoja." Akaendelea kuchuma.

Watoto walikuwa wakiikolezea Majani chaki kila siku, kwa hiyo bado ilikuwa sakafuni. Ijumaa nililiambia darasa kwamba aliyekosea ni mimi. Nilikuwa bado nasema hayo Igoki alipotokea mlangoni. Nikampa kitambaa. Nilidhani atafuta mipaka yote, maana mimi ningefanya hivyo. Yeye akapiga magoti, akalowesha kidole kwa mate, akafuta kipande kidogo tu katika kila mstari. Kisha akachukua chaki, akachora mto kutoka Mkoa wa Mlima, ukipita kwenye mapengo hayo mpaka pale karibu na mlango. Yule mjukuu wa Mzee Nyaga akatoka nje bila kuambiwa, akarudi na kopo la maji, akampa kwa mikono miwili.

Mtihani aliufanya, na aliufaulu vizuri.

Sasa mna kaunti na wadi, na kila mtu anadai yake. Nawe kesho utapewa chaki, hata kama ni ya kugawa kazi ofisini au shamba kwa watoto wako. Sisemi usichore, maana nyumba isiyo na kuta hailaliki. Ila usichore peke yako. Na kabla hujainuka, muulize yule uliyemweka mlangoni maji yatamfikiaje. Ukiwa umekosea, kaseme hivyo mbele ya wale wale waliokuona ukicheka.

Haya, lete kiganja nikitemee mate, kama wazee walivyonibariki mimi. Mungu akupe mkono usiotetemeka unapochora, na kidole chepesi cha kufuta unapokosea. Mto ufike kwako, mwanangu, wala usiishie kwako.