Jina Nililoazimwa na Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya misheni, nje kidogo ya Omurushaka, niliweka karatasi ya kaboni upande usio wake, nikapiga barua nzima kwa taipureta, na nakala ikatokea mgongoni mwa barua yenyewe, herufi zote kinyumenyume. Katibu aliinua ile barua kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti, hii ya kusomea kwenye kioo unampelekea nani?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja pale kufanya kazi, si kuchekesha watu. Niliipiga upya, na tangu siku hiyo kaboni haikunishinda tena.

Mwaka wa pili Katibu alinihamishia dawati la safari. Ninyi mnaoanza leo hapa ofisini mtaona kazi hii ni ya kujaza fomu tu, kwa hiyo nieleze. Wanaume wa kwetu walikuwa wakienda Ulaya kusoma, huyu udaktari, yule theolojia. Mke na watoto walibaki mgombani. Ili wamfuate walihitaji viza ya familia, na mimi ndiye niliyeandaa faili. Cheti cha ndoa nilikinakili kutoka kwenye rejesta ya kanisa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila cheti alihitaji hati ya kiapo, yaani karatasi ambayo mzazi anaapa mbele ya hakimu kwamba mtoto huyu ni wake. Juu ya yote tuliweka barua ya mwaliko ya mume. Kisha mwanamke alisafiri mpaka Nairobi, kwenye ubalozi mdogo wa nchi anakosoma mume, akahojiwa dirishani. Karatasi zilimfikisha dirishani. Kuvuka alivuka kwa mdomo wake.

Kwa hiyo niliwafanyisha mazoezi. Nilikalia kiti cha Katibu, mwanamke akasimama upande wa pili wa meza, nikamuuliza kama afisa. Mlifunga ndoa wapi? Mumeo anasoma nini? Baba mkwe wako anaitwa nani?

Hapo wote walikwama. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Kama mzee amepewa jina la mvua, basi mvua utaiita "yale ya juu" mpaka uzeeke. Nilikuwa nikiwafokea. Mama Ernesti wa Kimuli alirudi kutoka Nairobi amekataliwa, nikamuuliza mbele ya watu, "Ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza, waitu," akajibu kwa adabu ya kwetu.

"Ulinyamaza! Siku nne njiani kwenda kunyamaza?"

"Wewe hujaulizwa bado," akasema.

Miaka miwili baadaye zamu yangu ikafika. Mimi nimeolewa Kituntu. Mume wangu alikwenda kusomea ufundi wa mashine za hospitali, akaniacha na mtoto wetu Koku na mimba ya mdogo wake. Huyo mdogo hakuwahi kumwona baba yake. Alikuwa akiiamkia picha ya ukutani, "Shikamoo baba," kisha anasubiri ijibu. Mliowahi kuona kitu kama hicho mnajua kwa nini nilikuwa tayari kwenda Nairobi hata kwa magoti.

Basi mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, basi tena, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Dirishani alikaa afisa, mama wa Kizungu, na kando yake mkalimani wa hapohapo Nairobi. Maswali yote niliyajibu kama mtu anayesoma. Kisha mkalimani akasema, "Na baba mkwe yako anaitwa nani?"

Jina lilikuwa kwenye fomu mbele yao. Nililipiga mwenyewe kwa mashine! Lakini walitaka kulisikia, na mdomo wangu ukajifunga. Niliona uso wa mzee, nikaona aibu, nikaangalia chini.

"Mama, kwani hujui jina ya mzee?"

Nikanyamaza. Mimi.

Karatasi waliyonipa ilisema mwombaji hamjui baba wa mume wake, kwa hiyo kuna shaka kama ndoa ni ya kweli. Shaka! Nimemchumia yule mzee kahawa, nimemkanda miguu, nimemzalia wajukuu wawili, na mtu wa nyuma ya kioo anaandika kwamba simjui. Nililia kwa hasira mpaka Mwanza. Nilikuwa nimebakiwa na usaili mmoja tu wa marudio.

Katibu aliisoma karatasi mara mbili. "Swali hili umewafundisha wanawake wangapi?"

"Wengi."

"Basi nenda kwa mwenye jina. Mimi hapo sina muhuri wa kukusaidia."

Nilimkuta mzee anapogoa majani makavu ya migomba, mama mkwe kando yake anayakusanya. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Wamesema hunijui?"

"Wamesema hivyo, Tata."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na miguu uliyokuwa unaikanda ilikuwa ya nani?" Kisha akatoa mfukoni kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni wa heshima, akaniwekea kiganjani. "Jina ni langu. Nimekuazima. Ukishavuka, ulirudishe. Sasa litaje, nisikie kama unalijua."

Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili nusu. Mara ya tatu likatoka kama kikohozi. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. "Yesu wangu!"

"Kwa nguvu!" mzee akasema. "Si umesema mzungu ana kioo?"

Nikalitaja kwa kelele. Jirani aliyekuwa akilima upande wa pili akasimamisha jembe. "Nani anamwita mzee wa watu hivyo?"

"Mkwe wangu!" mzee akamjibu. "Mwache, yuko kazini!"

Nairobi nilimkuta mkalimani yuleyule. "Mama, leo utatuambia?" Nililitamka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Afisa akaandika, akanitazama, akaandika tena. Kisha nikasikia muhuri.

Niliporudi, kabla sijafungua hata mzigo, nilikwenda Kimuli kumwomba radhi Mama Ernesti. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki hiyo. Nilizungumza na mkwe wake, naye akatoa ruhusa, na usaili wake wa marudio ukaenda vizuri. Tangu hapo, kwa miezi niliyobakiza kabla ya safari, dawati langu lilikuwa na kanuni moja ambayo haimo kwenye fomu yoyote: mwanamke aende kwanza kwa mkwe wake, ndipo aje kwangu kwa mazoezi. Hakurudi tena mtu aliyenyamaza.

Leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa. Nastaafu nikiwa na meno yangu yote, na nguo za watoto zimeshafungwa, tunamfuata baba yao. Binti utakayekalia kiti hiki, kaboni upande unaong'aa unatazama chini. Usimfokee mwanamke aliyenyamaza. Muulize kwanza anamheshimu nani.

Jana nilipita Kituntu kuaga. Nilipiga magoti, nikasema, "Tata, nimevuka. Nimekuja kurudisha ulichoniazima."

Mzee alimkalisha mdogo mapajani, akamtafunisha ndizi mbivu. "Kaa nalo," akasema. "Huko mnakokwenda, hawa wataulizwa babu yao ni nani. Nani atawaambia kama si wewe?"