Tatu wa Ziwani: Aliomba Ukutubi, Moyo Uko kwenye Mikorosho

Saa kumi na moja alfajiri, umande bado umekaa kwenye majani na upepo haujaamka. Tatu Mohamedi anajifunga kanga usoni mpaka yanabaki macho, anapitisha mikono kwenye mikanda ya bomba la kupulizia, anasimama nalo mgongoni. Anavuta kamba. Injini inakohoa, inanyamaza. Anavuta tena, inakubali.

Unga wa njano wa salfa, dawa ya ukungu mweupe uitwao ubwiriunga, unapanda kwenye mkorosho. Kazi hii haisubiri jua. Majani yakiwa na umande salfa inashika, ukichelewa upepo unaichukua kwenda shamba la jirani, na jirani hakulipi hata asante.

Mwenye shamba, Mzee Rajabu, amesimama kwa mbali, amelivuta shati lake mpaka puani.

"Anza na ile yangu miwili," anapaza sauti.

"Lini niliwahi kuisahau, babu?"

Miwili hiyo iko kando ya njia. Kila msimu Tatu huanza nayo, na kila msimu huipulizia bure. Sababu ipo, na wote wawili wanaijua.

Huyu mwenye bomba ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Yuko likizo, na chuo kikifunguliwa ataingia mwaka wa pili wa shahada ya kilimo. Lakini miezi tisa iliyopita alikuwa kwenye darasa jingine kabisa, anafundishwa namna ya kupanga vitabu kwenye rafu. Alikuwa ameandikishwa shahada ya ukutubi, na zilibaki siku nne dirisha la kuhama kozi lifungwe. Likifungwa, ama asome ukutubi miaka mitatu, ama arudi kijijini kwao Ziwani, Mtwara, na begi lake.

"Mimi sina ugomvi na vitabu," anasema baadaye, akijipangusa unga kwenye kope. "Ila kitabu hakiugui ubwiriunga. Sasa mimi na kitabu tungeongea nini?"

Tatu ana miaka ishirini na tisa. Alimaliza kidato cha sita akisoma Kemia, Biolojia na Jiografia, akapata C ya Biolojia na D mbili. Zilimtosha kwenda chuo, lakini mwaka ule baba yake alilala kitandani, akawa hageuki bila kugeuzwa. Majina ya waliochaguliwa yalitoka, yakapita, yeye akiwa anapika uji.

Baba alipofariki aliacha nyumba, mke na bomba la kupulizia. Tatu akalichukua bomba.

"Watu walisema salfa itanimalizia uzuri. Nikawaambia nionyesheni kwanza huo uzuri uko wapi, nijue cha kuficha."

Analipwa shilingi mia tatu kwa mti, mafuta ya bomba juu yake. Alfajiri moja nzuri hupuliza miti hamsini. Lakini alfajiri nzuri si nyingi, na msimu wenyewe ukikohoa mara mbili umekwisha.

Sasa ile mikorosho miwili. Ilikuwa msimu wake wa tatu, ikaja dawa mpya ya maji. Kwenye chupa paliandikwa mililita kadhaa kwa lita moja ya maji, na katikati ya tarakimu palikuwa na nukta. Tatu, aliyepata F ya hesabu kidato cha nne, akaona ile nukta haina kazi.

"Nilichanganya dawa mara kumi," anasema. "Jumapili nikapita, maua yamekauka kama yamepigwa pasi."

Mzee Rajabu anaingilia. "Kama pasi? Wewe, yalikuwa kama yametoka kuzimu. Mke wangu alifikiri tumerogwa."

Tatu alikwenda kwake na hela za korosho za miti ile mkononi, machozi yanamtoka. Mzee hakuzipokea. Alimwambia jambo moja: nenda kasome hesabu, halafu urudi unipulizie.

Akaenda. Alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akakaa darasa la jioni na watoto waliomwita shangazi, akarudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Alipata D.

"D yangu ile we acha tu. Wengine wanalia wakipata D. Mimi nilichinja kuku."

Kwa D hiyo ndipo wazo la chuo likarudi. Mwaka jana dirisha la maombi lilipofunguliwa, Tatu alikwenda steshenari moja ya Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, wanakojaziwa watu fomu kwenye kompyuta. Alikwenda na mama yake, Mwanaidi. Hapo ndipo palipoharibika.

Bi Mwanaidi anauza vitenge. Anavifuata ng'ambo, Msumbiji, kupitia Kilambo, anavuka Ruvuma na kurudi na furushi. Katika biashara hiyo amejifunza kwamba muuzaji akijua unachokitaka, umekwisha. Kwa hiyo akiingia dukani hukamata kitenge asichokitaka, akakisifu, akakinung'unikia bei, akakiacha. Akashika cha pili, hivyohivyo. Kile anachokitaka hukigusa mwisho, mguu mmoja uko nje, kana kwamba anamwonea huruma mwenye duka.

Basi kijana wa steshenari, Josephu, akauliza, "Dada, chaguo la kwanza tuandike kozi gani?"

Kabla Tatu hajafungua mdomo, alifinywa paja chini ya meza.

"Andika nyingine kwanza," Bi Mwanaidi akamwambia kijana. "Ipi ipo hapo isiyo na kugombaniwa?"

"Kuna ukutubi, mama. Wa maktaba."

"Weka huo. Halafu?"

"Mama, hii ni kompyuta. Haipatani bei."

"Sawa, haipatani. Na mwenye kompyuta?"

Josephu alitupa jicho kwenye foleni, watu wanane walikuwa wanasubiri. Akaandika alivyoambiwa. Ukutubi ukawa wa kwanza, kilimo kikashuka mpaka nafasi ya nne. Tatu anakiri kwamba hakubisha sana.

"Nimelelewa na mikono ile. Hata mimi niliona ni ujanja. Nilitoka pale najisikia nimewaweza."

Mashine ya chuo haikujua habari za vitenge. Ilianza juu kwenda chini. Ilipofika chaguo la kwanza ikaona mwombaji ana sifa na nafasi ipo, ikampa, ikaishia hapo. Kilimo hakikuguswa kabisa.

Tatu alikwenda. Nauli ilikuwa imekwisha kutafutwa, majirani walikuwa wamekwisha kuagwa, na kukaa mwaka mwingine nyumbani aliona ni aibu. Chuo kiko nyanda za juu, mahali ambapo watu hunywa chai wakiwa na glavu. Wiki ya pili, akiwa kwenye somo la namba za vitabu, alimsikia mwenzake akinong'ona kwamba mwanafunzi anaweza kuomba kuhama kozi. Ilikuwa Jumanne. Dirisha lingefungwa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Alitoka darasani moja kwa moja mpaka ofisi ya udahili. Humo alikuwamo Erasto, mzee wa tai fupi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Kama ulitaka kilimo, kwa nini uliomba ukutubi?" Erasto alimuuliza.

Tatu akamweleza habari ya vitenge, yote, mpaka kufinywa.

"Alivua miwani, akaifuta, akaivaa," Tatu anakumbuka. "Akasema, binti yangu, nimekaa ofisi hii miaka kumi na minane. Nimeletewa waliokosea, waliodanganywa, hata aliyeandikiwa na mchumba. Aliyenipatania bei ni wewe wa kwanza."

Kisha akamweleza taratibu, polepole, kama anavyomweleza mtu anayemtakia heri. Kuhama si mlango wa nyuma. Anayehama anapimwa kwa vigezo vilevile vya aliyeomba kozi hiyo tangu mwanzo. Nafasi lazima iwepo, idara anayotoka ikubali, na anayokwenda ikubali. Nafasi zilikuwepo mbili, za wanafunzi ambao hawakuripoti. Kilimo kilitaka afaulu Biolojia na Kemia za kidato cha sita, hapo alikuwa salama. Kilitaka pia hesabu ya kidato cha nne, angalau D.

"Hapa mbele yangu naona F," Erasto alisema.

"Ipo nyingine, mzee. Nilirudia."

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Mtwara."

Erasto akaangalia kalenda ya ukutani. Tatu naye akaiangalia. Cheti cha pili alikiacha kwa kuwa ukutubi haukudai hesabu, na kila karatasi aliyoibeba aliogopa kuipoteza.

"Nakitaka chenyewe, nikione kwa macho," mzee alisema. "Picha ya simu sipokei. Ijumaa saa tisa na nusu nafunga, na nikifunga si mimi ninayefunga, ni mfumo."

Jioni hiyo Bi Mwanaidi alipigiwa simu Ziwani. Jumatano alipindua sanduku lake lote la vitenge mpaka akakipata cheti chini kabisa, kimekunjwa kwenye gazeti. Alhamisi alfajiri alikuwa stendi ya Mtwara, mbele ya basi la nyanda za juu.

Mtu mwingine angemwambia konda: mwanangu, hii ni karatasi ya maisha ya mtoto, ishike kama yai. Bi Mwanaidi hakusema hivyo. Alikuwa amekiweka cheti kwenye bahasha, bahasha ameibana kwa pini ndani ya mikunjo ya kitenge, na kitenge akamkabidhi konda aitwaye Innocent.

"Nini hiki, mama?"

"Kitambaa tu, baba. Hakina thamani. Mpe binti yangu akija."

Anajitetea mpaka leo. "Ningemwambia ni cheti angenidai elfu ishirini. Kitambaa alikichukua kwa elfu tatu."

Ijumaa saa moja asubuhi Tatu alikuwa stendi ya kule, anatetemeka kwa baridi na kwa mengine. Basi alilikuta, limefika usiku. Konda hakuwepo. Buti lilifunguliwa, likatolewa kila kitu: magunia ya korosho, godoro, jiko la mkaa. Kitenge hapana. Dereva akasema hajui, amuulize Innocent. Na Innocent yuko wapi? Amelala gesti. Gesti ipi? Zilikuwa sita.

Alizipita zote sita. Ya mwisho wakamwambia ametoka kutafuta chai. Saa nne ikapita. Saa tano kasoro akamwona kwenye kibanda cha supu kijana mrefu, kikombe mkononi, amejizungushia shingoni mpaka kifuani kitenge cha zambarau chenye ndege. Tatu anawajua ndege wale. Aliwafua kwa miaka.

"Kaka, hicho kitenge ni changu."

"Ahaa, wewe ndiye binti wa yule mama. Dada, pole, kule Njombe nilikuwa nakufa kwa baridi. Si alisema hakina thamani?"

"Kivue taratibu," Tatu alimwambia. "Taratibu kabisa, kaka, nakuomba."

Innocent akavua. Pini ilikuwepo, na bahasha ilikuwepo, ya moto kama chapati, imelala kifuani pake tangu Njombe.

"Kumbe ndiyo iliyokuwa inanichoma," konda alisema. "Nikadhani ni supu."

Saa sita na robo Tatu alikiweka cheti mezani kwa Erasto. Kilikuwa kimejikunja pembe, kinanuka jasho la mtu mwingine. Erasto alikisoma namba baada ya namba, akakilinganisha na matokeo kwenye kompyuta, akasema kwa sauti, "D." Mkuu wa idara ya ukutubi alimsainia aondoke na kumwambia maktaba itamkosa. Mkuu wa idara ya kilimo alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa na kupitiliza kula, wakamsubiri. Alirudi saa nane na dakika arobaini. Alimuuliza swali moja tu: ubwiriunga unaupulizia saa ngapi, na kwa nini?

"Hapo nilimjibu mpaka akaniambia basi," anasema Tatu. "Akasaini."

Anapohesabu anaowashukuru, Innocent yumo, wa pili kutoka juu. Kitenge kile alimrudishia palepale stendi jioni, akivae safari ya kurudi. Tatu humpigia Erasto simu kila Iddi, na mzee, ambaye ni Mkristo, humjibu kwa salamu zote za Iddi. "Hakunipendelea," Tatu anasema. "Alinisomea sheria mpaka mwisho. Wengi wanakusomea nusu, ile inayokufukuza." Na juu kabisa ya orodha yuko mwenye mikorosho miwili iliyoungua.

"Angeipokea hela yangu siku ile, ningekuwa sina hesabu mpaka leo," anasema.

Mzee Rajabu anajifanya kutosikia. "Puliza. Jua hilo linakuja."

Akimaliza shahada Tatu anataka kurudi kuwa bwana shamba wa kata hizihizi. Akiulizwa kama basi aitwe bibi shamba, anasema waite watakavyo, mradi wasome kilichoandikwa kwenye chupa. Fomu ya mafunzo kwa vitendo ameshaijaza. Chaguo la kwanza ameandika Mtwara. La pili liliruhusiwa kuachwa wazi, akaliacha wazi.

Bi Mwanaidi aliitazama fomu hiyo kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alivuka Kilambo kutafuta kitenge cha kumshonea binti yake nguo ya kurudi nayo chuo. Aliingia dukani, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kile alichokitaka, cha kijani chenye majani, akasema nipe hiki.

"Mwenye duka aliniangalia kama naumwa," anasimulia. "Akanipandishia elfu nne palepale. Nikalipa."

"Umeibiwa, mama," Tatu anamwambia.

"Nimeibiwa, ndiyo," anasema Bi Mwanaidi, akikikunjua kwenye miguu ya binti yake kupima urefu. "Lakini si ndicho hiki?"